Afya ya Bukoba Inaamuliwa Mlimani

Masika yakikolea, macho ya watu wa Bukoba huelekea mto Kanoni. Mto ukifura, maji huingia nyumba za mabondeni, vyoo vya shimo hujaa na kumwaga, visima vifupi huchafuka, na maofisa afya huanza kugawa dawa ya kutibu maji na kupita mtaa kwa mtaa wakihimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Baada ya hapo ni zamu ya zahanati, kwa homa na kuhara. Mvua zikikatika, mazungumzo nayo hukatika hadi mwaka mwingine. Hoja yangu ni kwamba maradhi hayo huanzia mbali na mto, na huanza kabla mvua haijanyesha. Huanzia kwenye kibanja, shamba la migomba la familia, kilichokatwa viwanja huko juu, kwenye udongo uliovuliwa migomba na matandazo yake, katika kata za pembezoni kama Kahororo, ambako kijiji kinageuka mji na mtu wa afya haulizwi lolote. Uchakavu wa ardhi na afya ya wakazi ni suala moja lililogawanywa kati ya ofisi mbili, na kwa kugawanywa huko limekosa mwenyewe.

Bukoba haiko kwenye mbio za Dar es Salaam au Mwanza. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu karibu 129,000 katika Manispaa, na ile ya mwaka 2022 karibu 145,000. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 12 kwa miaka kumi, wakati Mkoa wa Kagera wote ulipanda kutoka watu milioni 2.46 hadi karibu milioni 2.99, yaani zaidi ya asilimia 21. Anayesoma tarakimu hizi harakaharaka atasema kuwa mji unaokua polepole kuliko mkoa wake hauna tatizo la ukuaji. Lakini ardhi haihesabu vichwa, inahesabu paa, barabara na ua uliosakafiwa. Familia iliyokuwa chini ya paa moja ikigawana urithi na kujenga nyumba nne, sensa haioni badiliko kubwa, ila mteremko unaliona. Isitoshe, mji huu umekaa pabaya kwa ujenzi wa aina hiyo. Kitovu chake ni tambarare nyembamba kati ya Ziwa Victoria na safu za vilima, na hupokea mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, miongoni mwa kiasi kikubwa kabisa nchini. Kinachofanyika juu hushuka chini siku hiyohiyo.

Ili kuelewa kinachopotea, ni lazima kuelewa kibanja. Wageni wengi huitazama migomba ya Buhaya, nchi ya Wahaya, na kudhani kuwa hapa Mungu alimwaga rutuba. Ukweli ni kinyume. Sehemu kubwa ya ukanda wa ziwa imelala juu ya mawe ya mchanga ya kale, na mvua nyingi ya karne nyingi imesomba virutubisho kwenda chini kabisa. Ushahidi ni rweya, zile mbuga za nyasi zinazozunguka vijiji, ambako udongo ni mwembamba, wenye tindikali, na ukilimwa hutoa mazao kidogo kisha huchoka. Kibanja chenye migomba, mibuni na maharage kimekaa juu ya udongo wa asili hiyohiyo. Tofauti yake imetengenezwa na mikono ya watu: nyasi zilizokatwa rweya zikatandazwa chini ya migomba, samadi ya ng'ombe waliolishwa rweya na kulala nyumbani, majivu, maganda na masalia ya jikoni. Kwa vizazi vingi virutubisho vilichukuliwa kutoka eneo pana la nyasi vikarundikwa kwenye eneo dogo linalozunguka nyumba. Kwa hiyo rutuba ya kibanja ni akiba iliyowekwa, na isipoongezwa inakwisha.

Mfumo huo ulikuwa pia kinga ya afya, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Ardhi iliyofunikwa na majani mapana ya mgomba juu na matandazo mazito chini humeza mvua. Tone halipigi udongo moja kwa moja, maji hayakimbii, na tope halishuki. Uchafu wa jikoni haukuwa na nafasi ya kuwa jalala kwa kuwa ulihitajika shambani. Kibanja kililisha, kilichuja maji na kilipokea taka, kwa gharama ya jasho la familia peke yake. Mji wa kisasa unapokiondoa, unatakiwa kulipia kazi zote tatu kwa fedha, na Manispaa ya Bukoba hadi leo hailipii hata moja kikamilifu.

Kuvunjika kwa mfumo huo hakukuanza na viwanja. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe kwa wingi katika nchi za maziwa makuu, na samadi ikapungua pamoja nao. Karibu karne moja baadaye ukaja Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza kutambuliwa nchini walitambuliwa mwaka 1983 katika Hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Utafiti wa Gabriel Rugalema uliochapishwa mwaka 1999, uliofanywa katika kijiji kimoja cha Buhaya, ulionyesha jinsi vifo vya watu wazima vilivyonyang'anya kaya nguvu kazi, mifugo na uwezo wa kutunza shamba. Naona kazi hiyo haijapewa uzito unaostahili katika mjadala wa mazingira. Inatuambia kwamba njia kati ya ardhi na afya hupitika pande zote mbili. Ardhi iliyochoka huleta maradhi, na maradhi huchosha ardhi, kwa sababu mtu anayeuguza hakati nyasi wala habebi samadi, na kibanja kikiachwa misimu michache fukusi na minyoo ya mizizi hupata mwanya. Mwaka 2006 mnyauko bakteria wa migomba ukathibitishwa Muleba na kuenea mkoani. Kila shina lililong'olewa na kufukiwa liliacha ardhi wazi juu ya mteremko, angalau kwa muda.

Juu ya historia hiyo sasa kunakuja urithi unaogawanyika na soko la viwanja. Kibanja cha kawaida katika maeneo ya karibu na mji ni chini ya hekta moja, na ndani yake kuna nyumba, makaburi ya wazee na migomba. Kikigawanywa kwa watoto watatu, hakuna hata mmoja anayebaki na shamba la kutosha kumlisha, na ndipo uamuzi wa kuuza unapoonekana wa busara. Mnunuzi hahitaji migomba. Anafyeka, anasawazisha kwa kuchimba ukingo wa mteremko, anaacha kifusi wazi, anajenga kwa vipindi kadiri fedha zinavyopatikana, na kwa miaka kadhaa kiwanja kinabaki jeraha la udongo mwekundu. Rweya nayo imegeuzwa kwa kasi kuwa mashamba ya mikaratusi na misonobari. Silaumu wanaopanda miti: inatoa nguzo, mbao, kuni na ada za shule, na hakuna zao jingine lililowapa watu wa rweya fedha ya uhakika namna hiyo. Lakini palipopandwa mikaratusi hapakatwi tena nyasi za kutandaza, na ng'ombe hana pa kulishwa. Kibanja kilichobaki kinanyimwa chakula chake wakati uleule kinapodaiwa kulisha watu wengi zaidi.

Sasa tuyafuate maji, kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 12 likipata mvua ya milimita 50, kiasi kisicho cha ajabu mwezi Aprili, linamwaga lita 6,000. Nyumba mia moja kwenye mteremko mmoja zinamwaga lita 600,000, na hapo bado hatujahesabu barabara na nyua. Zamani sehemu kubwa ya maji hayo ilizama. Sasa yanateremka kupitia njia za miguu zinazogeuka makorongo, yanabeba udongo, mifuko ya plastiki na kilichomo kwenye vyoo vya shimo vilivyojaa, na yanafika Kanoni na tambarare zake kwa mkupuo. Tope linajaza mifereji, mifereji iliyojaa inageuka madimbwi, na sehemu za chini kama Kashai na Hamugembe, ambako maji ya ardhini yako karibu na uso, zinabaki na vyoo vinavyoogelea. Kipindupindu, homa ya tumbo, kuhara damu na minyoo havihitaji maelezo zaidi ya hapo. Kanoni kisha unamwaga mzigo wake katika Ziwa Victoria, ziwa ambamo mamlaka ya maji, BUWASA, huchota maji ya kusafisha na kusambaza mjini. Maji yenye tope hudai dawa nyingi zaidi ili yasafike, na chembe za udongo huvikinga vijidudu visifikiwe na klorini. Mwenye nyumba mlimani anayedhani tope lake limekwenda zake huenda analilipia kwenye ankara ya maji.

Kuhusu malaria, mkoa huu una ushahidi mzuri kuliko sehemu nyingi za Afrika, na unastahili kusomwa kwa utulivu. Muleba ilikumbwa na mlipuko mkali mwaka 2006, na upuliziaji wa dawa ukoko majumbani ukaanza mwaka uliofuata. Mbu wakazoea viuatilifu vya kundi la pairethroidi. Ndipo ukafanyika utafiti mkubwa katika maeneo 48 ya wilaya hiyo, ukalinganisha vyandarua vya kawaida na vyandarua vilivyoongezewa kemikali ya PBO inayovunja usugu wa mbu. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018 yalionyesha kuwa baada ya miezi tisa watoto wenye vimelea walikuwa asilimia 29 kwa waliopata vyandarua vipya, dhidi ya asilimia 42 kwa waliotumia vya kawaida. Ni mafanikio makubwa, na yalisaidia kubadili sera ya dunia nzima. Hata hivyo nenda ukasome tarakimu za miezi 21: asilimia 45 dhidi ya 62. Tofauti bado ipo, lakini pande zote mbili zimepanda. Upimaji wa kitaifa wa watoto wa chini ya miaka mitano unasema jambo linalofanana: Kagera ilikuwa na asilimia takriban 15 mwaka 2017 na takriban 18 mwaka 2022, zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi. Chandarua hupunguza kuumwa na mbu, lakini mahali mbu anapozaliwa hapaguswi.

Na mahali hapo huumbwa na matumizi ya ardhi. Ng'ambo ya mpaka, wilayani Kabale nchini Uganda, Kim Lindblade na wenzake walilinganisha vijiji vilivyo kando ya mabonde yenye mafunjo na vijiji vilivyo kando ya mabonde yaliyofyekwa na kulimwa. Katika ripoti yao ya mwaka 2000 walikuta kuwa penye mabonde yaliyolimwa palikuwa na joto kubwa zaidi, na viashiria vya maambukizi ya malaria vilielekea kuwa juu zaidi. Sababu yake si ngumu. Mbu wa jamii ya Anopheles gambiae hupenda maji madogo yaliyopigwa na jua, na mafunjo huyaficha maji kwenye kivuli. Bukoba na Muleba zina mabonde ya aina hiyohiyo, na adui wao mwingine ni shimo la udongo wa matofali. Ujenzi unahitaji matofali ya kuchoma, matofali yanahitaji udongo wa bondeni na kuni za mlimani, na shimo likiachwa wazi mvua inalijaza viluilui. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha maelfu ya nyumba mkoani, na kila nyumba iliyojengwa upya ilichukua udongo wake mahali. Kuwaambia waathirika wa tetemeko wasichimbe kungekuwa ukatili. Kuagiza kila shimo lifukiwe au ligeuzwe bwawa la samaki linalotunzwa kungegharimu kidogo, na samaki wangekula viluilui.

Kuna madhara mengine yasiyo na kishindo cha mafuriko, nayo ni lishe. Kagera, mkoa wa ndizi, maharage, samaki na senene, ulikuwa na udumavu wa takriban asilimia 42 kwa watoto wa chini ya miaka mitano katika utafiti wa afya wa mwaka 2015-16, na takriban asilimia 34 katika ule wa mwaka 2022. Umepungua, na wanaofanya kazi hiyo wanastahili pongezi, lakini bado uko juu ya wastani wa taifa wa asilimia 30. Udumavu una sababu nyingi: ulishaji wa watoto wachanga, maradhi ya kuhara, umri wa mama, mzigo wake wa kazi. Ila kibanja kilichochoka kimo ndani ya sababu hizo. Udongo ukipungukiwa, kinachotoweka mapema ni maharage na mboga, wakati mgomba dhaifu na muhogo vinaendelea kutoa wanga. Tumbo linashiba huku protini ikikosekana. Familia ya kiwanja cha mjini isiyo na maharage yake lazima iyanunue, na bei ndiyo inayoamua ni mara ngapi kwa wiki.

Hapo ndipo mji na Wilaya ya Muleba vinapounganishwa na kitu kinachodharauliwa, ganda la ndizi. Mikungu kutoka Kamachumu, Nshamba na kwingineko Muleba hupakiwa na kuletwa sokoni. Mgomba hula potasiamu kwa wingi mno, na sehemu nzuri ya potasiamu hiyo imo ndani ya mkungu na kwenye ganda lake. Kila gari la ndizi linaloingia mjini ni kipande cha rutuba ya Muleba kinachosafiri. Nyumbani ganda lingerudi kwenye shina. Mjini linatupwa mferejini, linaoza, linafuga nzi na panya, na linaziba maji. Udongo wa Muleba unadhoofika kwa kukosa kitu kilekile kinachoutia maradhi mtaa wa Bukoba kwa kuzidi. Sijui mfano ulio wazi zaidi wa jinsi tatizo la ardhi na la afya lilivyo moja. Taka za mji huu, kwa aina ya chakula chake, ni za kuoza kwa sehemu kubwa. Kuzitenga sokoni, kuzifanya mboji na kuzipakia kwenye magari yanayorudi Muleba matupu ni kazi ya upangaji tu, haidai teknolojia ngeni, na Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Maruku kiko jirani kutoa ushauri.

Wapo watakaosema kuwa ninaipachika ardhi kila ugonjwa. Hofu hiyo ni ya haki, na mipaka lazima iwekwe. Virusi vya Marburg vilivyotangazwa Machi 2023 katika Wilaya ya Bukoba, vikaua watu sita kabla mlipuko haujatangazwa kwisha tarehe 2 Juni, vinahusishwa na popo walao matunda wanaoishi mapangoni. Sina msingi wa kusema vililetwa na viwanja wala mmomonyoko, na yeyote asemaye hivyo aonyeshe ushahidi. Vivyo hivyo, Ziwa Victoria lilipofikia kina cha rekodi Mei 2020 na kumeza fukwe, chanzo kikuu kilikuwa mvua kubwa ya bonde zima la ziwa. Lilipanda namna hiyo pia mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Bukoba ilikuwa mji mdogo sana. Hoja yangu ni nyembamba kuliko hapo: kwa mvua ileile na ziwa lilelile, mteremko uliovuliwa huzalisha wagonjwa wengi kuliko mteremko uliofunikwa.

Pingamizi la pili ni la wahandisi: jenga mifereji ya zege, nyosha kingo za Kanoni, na tatizo limekwisha. Bukoba ni mojawapo ya miji 45 iliyomo katika mradi wa miundombinu ya miji wa TACTIC unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, hivyo fursa ya kujenga ipo. Mifereji inahitajika, sibishani na hilo. Lakini mfereji huharakisha maji bila kuyapunguza. Ukikinga tope linaloshuka mwaka hadi mwaka, utajaa, na Manispaa itabaki na kazi ya kuuzibua kila masika kwa fedha isiyo na fungu. Kila shilingi ya zege huko chini inalindwa na migomba huko juu, na mkataba wa ujenzi usioweka hata mstari mmoja kuhusu mteremko unaoulisha mfereji umeandikwa nusu.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa watu wa kipato kidogo na wanaowatetea. Wanasema masharti ya mazingira huishia kumbomolea maskini. Wana sababu ya kusema hivyo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au ukingo wa mto, na mara nyingi sheria hiyo hukumbukwa nyumba ikishajengwa, tena ya asiye na wa kumsemea. Maskini alikwenda bondeni kwa kuwa ndipo bei ilipomruhusu. Kwa hiyo mzigo uanzie mlimani, ambako mwenye kiwanja kipya kwa kawaida ana uwezo zaidi kuliko mpangaji wa Hamugembe na maji yake ndiyo yanayomwagikia wa chini. Sharti la tangi la kuvuna mvua, shimo la kunyonya maji, ukingo wa majani na safu ya migomba mpakani ni sehemu ndogo ya gharama ya nyumba, na tangi hupunguza pia ankara ya maji. Anayehamishwa bondeni apewe kiwanja kabla nyumba yake haijaguswa, mahali panapomwezesha kufika kazini kwa miguu. Pasipo hivyo atarudi, au atahamia bonde jingine.

Kisheria upungufu uko mahali panapojulikana. Tathmini ya athari kwa mazingira hudaiwa kwa miradi mikubwa, kama kiwanda, barabara au hoteli. Nyumba moja ya familia haidaiwi, na ni sawa, kwa kuwa peke yake haiharibu. Lakini mlima wote unaweza kugeuzwa paa na kifusi kwa nyumba mojamoja, na katika safari nzima hakuna ofisi iliyolazimika kujumlisha. Mahali pa kujumlisha ni kwenye mchoro wa mipango miji, kabla viwanja havijapimwa. Huko ndiko afisa afya anapotakiwa kuwa na kura, pamoja na mtu wa kilimo anayejua mteremko upi unastahimili nini, na mchoro usipitishwe mpaka uonyeshe maji ya mvua kubwa yatazama wapi na mabonde yapi yanaachwa na mafunjo yake. Ujenzi wa ghorofa mbili katikati ya mji, kwenye kata kama Miembeni na Bilele, ungeokoa vibanja vingi kuliko kampeni yoyote ya kupanda miti, na inashangaza jinsi jambo hilo linavyozungumzwa mara chache.

Takwimu nazo zibadilishwe umbo. Wagonjwa wa kuhara na homa huandikwa kwa kituo na kwa kata, lakini maji hayafuati mipaka ya kata. Wakiandikwa pia kwa kijito au bonde wanakotoka, kazi ambayo karani wa zahanati anaiweza kwa kuongeza safu moja kwenye daftari, baada ya misimu miwili ya masika Manispaa itajua ni mteremko upi unaolaza wagonjwa wengi, na fedha chache zilizopo zitajua pa kwenda. Hapo ndipo hata hoja yangu itapimwa. Ikiwa mabonde yaliyo chini ya vibanja vizima yataonyesha wagonjwa sawa na yaliyo chini ya viwanja vipya, nitakuwa nimekosea na pesa zielekezwe kwingine.

Kahororo, Nyanga, Kagondo, Buhembe na Ijuganyondo ndiko majaribio ya namna hiyo yanapowezekana bado, kwa sababu mji haujazimaliza. Bukoba inakua taratibu, na hapa ukuaji huo wa polepole ni neema: michoro ya maeneo mengi haijafungwa, na wenye vibanja wangali hai na wanajua maji ya kila mteremko yalikopita kabla ya barabara. Manispaa ianze na kata moja, mchoro mmoja na bonde moja linalopimwa juu na chini, kabla viwanja vinavyofuata havijauzwa.